Dhamana Si Hisani

Mpenzi msomaji, hebu jaribu kuandika barua ya nyumbani bila kutumia herufi a. Utashindwa kabla ya kumaliza salamu. Huwezi kuandika mama wala baba, dada wala kaka. Huwezi kutaja kazi, shamba wala chakula. Lugha yetu imeegemea herufi hiyo kama paa linavyoegemea nguzo. Sisi tulilitambua jambo hilo mwaka jana, jioni moja binti yetu alipotoka chumbani kwake machozi yakimlengalenga, akasema, "Mama, a imekufa."

Hakuwa akitania. Kitufe cha herufi a kwenye kompyuta mpakato yake kilikuwa kimegoma. Ukikibonyeza mara kumi, huenda kikaitika mara moja. Kesho yake hakikuitika kabisa. Baada ya siku mbili z nayo ikanyamaza, na q ikafuata. Hiyo q hatukuilalamikia sana, kwani Kiswahili hakiihitaji, lakini a na z ni msiba. Binti alikuwa mwaka wa tatu chuoni, na zilikuwa zimebaki wiki sita akabidhi ripoti yake ya utafiti. Bila ripoti hakuna kuhitimu.

Kompyuta yenyewe hatukuiokota. Tuliinunua Dar es Salaam kwa shilingi 1,450,000. Sehemu ya fedha hizo ilitoka kwenye kuku, na sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mkopo ambao tuliulipa kwa miezi minane huku tukijinyima mengi. Mpaka siku ile a ilipokufa, kompyuta ilikuwa haijatimiza mwaka. Zilikuwa zimebaki siku 19.

Tunasimulia habari hii kwa sababu tangu wakati huo tumezungumza na akina mama wenzetu wengi, tukagundua kwamba majumbani kuna vyombo vingi vilivyoharibika vikiwa bado ndani ya dhamana: kompyuta, friji, pasi, mashine za kusaga. Wenyewe waliona haya kuvirudisha. Waliogopa kuambiwa wamevichezea, au waliona kama wanakwenda kuomba. Katika makala hii tunataka kuiondoa haya hiyo. Dhamana si hisani ya mwenye duka. Umeilipia ndani ya bei, siku ile ile uliyotoa fedha zako.

KWANZA, JE, KIBODI IMEKUFA KWELI?

Kabla ya kufunga safari ya kwenda kwa muuzaji, ni vema kuhakikisha ugonjwa uko wapi. Mara nyingine kibodi ni nzima, na kosa liko kwenye programu. Kwa mfano, katika kompyuta zinazotumia Windows, ukikandamiza kitufe cha Shift cha upande wa kulia kwa sekunde nane, kompyuta huweza kuwasha mpangilio unaopuuza mibonyezo mifupi. Mtu asiyejua hudhani vitufe vyote vimeharibika, kumbe ni mpangilio wa kuzimwa tu.

Sisi tulifanya majaribio matatu, na wewe unaweza kuyafanya bila kuwa mtaalamu. Kwanza tuliizima kompyuta kabisa, tukaiwasha upya. Hakuna kilichobadilika. Pili tulijaribu kuandika katika programu nyingine, ili kuona kama kosa ni la programu moja tu. Huko nako a haikutokea. Tatu tuliazima kibodi ya nje kwa jirani, ile ya kuchomeka kwa waya. Tulipoichomeka, herufi zote ziliandikika bila shida, hata a. Hapo tukajua kwamba akili ya kompyuta ni nzima. Kilichougua ni kibodi yake yenyewe.

Ni vizuri pia kujua kilicho chini ya vidole vyako. Katika kibodi nyingi za kompyuta mpakato, chini ya kila kitufe kuna kikombe kidogo cha mpira na vipande viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi. Chini yake kuna karatasi tatu laini za plastiki. Ya juu na ya chini zimechorwa njia nyembamba za umeme. Ya katikati ina matundu. Unapobonyeza, karatasi ya juu inagusa ya chini kupitia tundu, na kompyuta inatambua herufi. Vitufe hupangwa katika mistari inayotumia njia hizo kwa pamoja. Ndiyo maana njia moja ikikatika, vitufe kadhaa vya jirani huweza kufa kwa pamoja. Katika kibodi nyingi q, a na z zimepangwa karibu karibu upande wa kushoto, na kwetu zilikufa zote tatu. Hilo lilikuja kutusaidia baadaye.

FUNDI WA SHILINGI 90,000

Habari zilipoenea mtaani, kijana mmoja fundi wa simu na kompyuta alitujia nyumbani kwa heshima. "Shikamooni," akasema. "Nileteeni hiyo mashine. Kibodi ninayo, nitaibadilisha leo leo kwa shilingi 90,000."

Tukiri ukweli: hapo sisi wawili tuligawanyika. Mmoja wetu aliona ni afadhali kulipa, mtoto aendelee na kazi yake. Mwingine alisema tusome kwanza karatasi ya dhamana. Hatutasema nani alisema nini. Inatosha kusema kwamba karatasi ilisomwa usiku ule chini ya taa, na ilisema waziwazi kwamba dhamana inakufa kompyuta ikifunguliwa na fundi asiyetambuliwa na kampuni.

Hatuwadharau mafundi wetu wa mtaani. Wametuokoa mara nyingi, na dhamana ikiisha tutawarudia. Lakini haraka haraka haina baraka. Tungemruhusu kijana yule aifungue, na siku tatu baadaye skrini nayo ikazimika, tusingekuwa na pa kwenda. Tulimshukuru, tukampa chai, akaenda zake bila kinyongo.

Binti naye alihitaji kufanya kazi. Siku mbili za kwanza alikuwa akinakili herufi a kutoka kwenye maandishi ya zamani na kuibandika kila ilipohitajika, mpaka mkono ukamuuma. Tulitoa shilingi 25,000 tukamnunulia kibodi ya nje. Ni nafuu, na ilitupa jambo la thamani zaidi ya fedha hiyo, yaani utulivu. Anayefika dukani akiwa hana haraka hubabaishwi kirahisi.

RISITI ILIYOFIFIA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tulikwenda kwenye jalada tunamohifadhi vyeti vya ubatizo, kadi za kliniki na hati ya kiwanja, tukatoa risiti ya kompyuta. Loo! Ilikuwa karibu nyeupe. Tarehe haikusomeka, bei haikusomeka, na jina la duka lilikuwa kivuli tu.

Risiti nyingi za mashine za kielektroniki huchapwa kwenye karatasi inayoandikika kwa joto, bila wino. Karatasi hiyo ikikaa muda mrefu, hasa mahali penye joto au mwanga, au ikigusana na mfuko wa plastiki, maandishi hufifia. Dhamana ni ya mwaka mzima, lakini risiti huenda isiufikie mwaka huo! Sisi tuliponea chupuchupu, kwa kuwa binti yetu aliipiga picha kwa simu siku ile ile tuliponunua. Picha ilionyesha kila kitu, pamoja na namba ya uhakiki ambayo Mamlaka ya Mapato Tanzania huiweka kwenye risiti zake ili mtu aweze kuthibitisha kwamba ni halali. Tuliichapisha nakala mbili.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, usikubali kununua chombo cha thamani bila risiti halali eti upunguziwe bei. Ukishaipata, itoe nakala siku hiyo hiyo. Andika pia namba ya mashine, ambayo kwa kawaida imechapwa chini ya kompyuta au kwenye boksi lake. Namba hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba kompyuta iliyoharibika ndiyo ile ile iliyouzwa.

TONE LA JUISI

Usiku wa kuamkia safari tuliwaita watoto wote, tukawauliza swali moja: je, kuna yeyote aliyewahi kumwaga kitu juu ya kompyuta hii? Kimya. Kisha mdogo wao wa darasa la tano akaanza kulia. Alisema kwamba miezi miwili nyuma alikuwa akitazama katuni huku akinywa juisi ya ukwaju, na matone machache yakaanguka kwenye ukingo wa kulia. Aliyafuta kwa shati lake, akanyamaza.

Masharti ya dhamana yalikuwa wazi: kompyuta iliyoharibiwa na maji au kinywaji haitengenezwi bure. Basi tufanye nini? Wazo la kunyamaza lilikuja, hatutakuficha. Matone yalikuwa upande wa kulia, vitufe vilivyokufa viko kushoto, na miezi miwili ilikuwa imepita. Nani angejua?

Lakini mtoto alikuwa amesimama mbele yetu, machozi hayajakauka, akitusubiri. Tulikuwa tumetoka kumsifu kwa kusema kweli. Tungewezaje kumwambia kwamba kweli ni ya nyumbani tu, na kwamba kwenye kaunta ya muuzaji tunavaa nyingine? Tukakata shauri tuseme. Kama tutalipishwa, tutalipa. Haki ya dhamana inadaiwa kwa mikono safi; anayedanganya ili apewe haki yake ameigeuza kuwa wizi.

Jambo la mwisho usiku ule lilikuwa kuhifadhi kazi. Binti alinakili maandishi yake yote kwenye flashi mbili, akaondoa picha zake za binafsi na kutoka katika akaunti zake za barua. Fundi anaweza kulazimika kufuta kila kitu, na si kila mtu atakayeishika kompyuta yako atakuwa mwaminifu. Hata neno lako la siri usiliandike kwenye karatasi ukalibandika juu ya mashine, kama tulivyoona wengine wakifanya.

KWENYE KAUNTA

Tulipanda treni ya umeme kutoka Morogoro tukafika Dar es Salaam. Zilikuwa zimebaki siku 12. Kituo cha huduma cha kampuni hatutakitaja, maana nia yetu si kumchafulia mtu jina.

"Shikamoo mama," alisema kijana wa kaunta.

"Marahaba, mwanangu. Tumeleta kompyuta, kibodi imekufa. Bado iko kwenye dhamana."

Aliitazama kidogo tu. "Pole mama, kibodi haimo kwenye dhamana. Vitufe ni vitu vya kuchakaa."

Wengi wetu hapo ndipo tunapogeuka na kurudi nyumbani. Amesema kwa upole, amevaa fulana ya kampuni, bila shaka anajua. Lakini sisi tulikuwa tumesoma. Tukatoa karatasi ya dhamana, tukaiweka mbele yake, tukasema, "Kuuliza si ujinga, mwanangu. Hebu tuonyeshe hapa mahali palipoandikwa kibodi."

Alisoma. Karatasi ilikataa mambo manne: kinywaji kumwagika, kuanguka, umeme kuzidi, na kufunguliwa na asiyehusika. Kibodi haikutajwa. Alikwaruza kichwa, akaingia ndani, akarudi na msimamizi wake, mama wa makamo. Yeye alitusikiliza mpaka mwisho. Tukamweleza vitufe vilivyokufa, tangu lini, na majaribio tuliyofanya. Kisha tukamweleza habari ya juisi.

Kijana alitabasamu kama mtu aliyeshinda. "Basi mama, hiyo ni juisi."

"Huenda," tukajibu. "Ndiyo maana tumesema. Lakini hatutaki kubahatisha, na ninyi msibahatishe. Ifungueni mbele yetu tuone sote. Kama ni juisi, tutalipa."

Msimamizi alikubali. Fundi akaifungua tukiwa tumesimama kando. Alituonyesha kitu ambacho hatukukijua: ndani ya baadhi ya kompyuta kuna vibandiko vidogo vyeupe ambavyo hubadilika rangi kuwa vyekundu vikiguswa na maji. Vya kwetu vilikuwa vyeupe vyote. Hakukuwa na kutu wala unata. Tone la ukwaju lilikuwa limeishia juu ya ukingo. Fundi akasema vitufe vitatu vilivyokufa vyote vilitumia njia moja ya umeme, na njia hiyo ndiyo iliyokatika. Ni kasoro ya utengenezaji, wala si kosa la mtumiaji.

Msimamizi akajaza fomu. Hapa tafadhali tusome kwa makini, kwani fomu hii ndiyo iliyookoa safari yetu. Iliandikwa tarehe tuliyofika, namba ya mashine, vitufe vilivyokufa, maelezo yetu ya juisi, alichokiona fundi, na kwamba kibodi itabadilishwa chini ya dhamana. Ikapigwa muhuri. Nakala moja tukabaki nayo. Kibodi mpya ilibidi iagizwe, hivyo tukaruhusiwa kurudi na kompyuta nyumbani mpaka itakapofika, binti aendelee kuandika kwa kibodi ya nje.

HATA WAKUBWA HUDAIWA

Pengine utasema, "Hayo yaliwezekana kwa kuwa mlikutana na mama muungwana. Kampuni kubwa za ng'ambo zitamsikiliza nani?" Basi tukupe kisa kinachojulikana ulimwenguni.

Mwaka 2015 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta mpakato nyembamba sana, na ili iwe nyembamba hivyo ikabuni kibodi mpya. Ule mkasi wa plastiki chini ya kitufe uliondolewa, ukawekwa muundo uliofananishwa na mabawa ya kipepeo. Kibodi hizo ziliendelea kutumika katika matoleo yaliyofuata. Lakini wateja wakaanza kulalamika: vitufe vinanasa, vinaandika herufi mara mbili, au haviandiki kabisa, mara nyingine kwa sababu ya vumbi tu. Tena katika kompyuta hizo kibodi iliunganishwa na sehemu yote ya juu pamoja na betri, kiasi kwamba kubadilisha kibodi kulimaanisha kubadilisha sehemu hiyo yote. Aliyekuwa nje ya dhamana alilipa mamia ya dola.

Wateja hawakunyamaza. Mwezi Mei 2018 baadhi yao walifungua kesi mahakamani huko California. Juni 2018 Apple ikatangaza mpango wa kutengeneza kibodi hizo bure kwa miaka minne tangu kompyuta ilipouzwa mara ya kwanza, na waliokwisha kulipia matengenezo wakaambiwa wanaweza kuomba kurudishiwa fedha zao. Fikiri tu, ni nani aliyeweza kuomba bila taabu? Yule aliyetunza risiti!

Mwezi Machi 2019 mwandishi Joanna Stern wa gazeti la Wall Street Journal aliandika makala ambamo herufi e na r zilikosekana, ili wasomaji waone wenyewe jinsi kibodi yake ilivyomtesa. Tulipoisikia habari hiyo tulicheka, tukakumbuka a yetu. Kampuni iliomba radhi kwa walioathirika. Mwishoni mwa 2019 ikaanza kurudi kwenye mkasi wa zamani, na kufikia mwaka 2020 kompyuta zake mpya zote zilikuwa zimeachana na kipepeo. Mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 ili kuimaliza kesi ile, bila kukiri kosa. Fedha hizo zilikuwa za wanunuzi wa majimbo saba ya Marekani tu. Mnunuzi wa Morogoro au Mombasa hakuwamo. Hata hivyo fundisho linatuhusu sote. Kampuni ile kubwa ilisukumwa na watu wa kawaida waliosema, wakaandika na kutunza karatasi.

"DHAMANA YENU IMEKWISHA"

Turudi kwetu. Siku 12 zikapita, na dhamana ikafikia mwisho wake. Kibodi bado. Wiki ya tatu ikapita. Katika wiki ya nne tukapiga simu, akapokea mtu mwingine tusiyemjua. Akaingiza namba ya mashine, akasema, "Mama, dhamana yenu imekwisha tangu mwanzoni mwa mwezi."

Kama tungekuwa tumeridhika na maneno matupu siku ile, habari ingeishia hapo. Lakini tulikuwa na fomu mkononi. Tukamsomea namba yake, tarehe ya kupokelewa, na sentensi ya mwisho juu ya muhuri. Kukawa kimya. "Nipeni dakika tano, mama," akasema. Hazikuwa tano, zilikuwa 40, lakini alipiga mwenyewe. Kibodi ilikuwa imefika siku mbili kabla, imekaa rafuni bila mtu wa kutuarifu.

Kinachohesabiwa ni siku uliyolalamika, wala si siku ambayo wao watapata nafasi ya kutengeneza. Lakini siku hiyo lazima iwe imeandikwa mahali.

Kazi ya kubadilisha ilichukua chini ya saa mbili. Kabla ya kuondoka kaunta, binti alibonyeza kila kitufe, kimoja baada ya kingine, kuanzia tarakimu za juu mpaka kitufe kirefu cha chini. Kijana yule yule wa kaunta alisimama akitazama. Tulimwomba aandike kwenye fomu kwamba kibodi imebadilishwa, na kwamba nayo ina dhamana ya muda gani. Aliandika bila kunung'unika. Tulipoaga akasema, "Mama, ni wachache wanaokuja na karatasi zao. Wengi wanakuja na hasira tu." Hatujalisahau neno hilo.

MAMBO YA KUSHIKA

Tumeona vema tumalizie kwa kuyakusanya pamoja yale tuliyojifunza, uweze kuyakata na kuyaweka kwenye jalada lako:

1. Siku ya kununua, dai risiti halali na karatasi ya dhamana yenye tarehe na muhuri. Uliza: dhamana ni ya kampuni au ya duka? Ni ya muda gani? Na kama chombo kimetoka nje, je, dhamana inafanya kazi hapa nchini? Baadhi ya dhamana hufanya kazi katika nchi ya mauzo tu.

2. Toa nakala ya risiti siku hiyo hiyo, na uipige picha. Andika namba ya mashine.

3. Andika tarehe ya mwisho ya dhamana kwenye kalenda ya ukutani. Mwezi mmoja kabla, kikague chombo chote. Kasoro ndogo uliyoizoea ndiyo hiyo ya kuilalamikia sasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Chombo kikiharibika, usikifungue wala kumpa mtu akifungue kabla ya kusoma masharti.

5. Sema ukweli wote juu ya kilichotokea, kisha omba ukaguzi. Wakikataa kutengeneza, omba sababu kwa maandishi.

6. Usiondoke bila fomu yenye tarehe, maelezo ya kasoro na muhuri. Ukipiga simu, andika siku, saa na jina la uliyezungumza naye.

7. Nakili kazi zako kabla ya kukabidhi kompyuta, na ijaribu kabla ya kuipokea.

Ukifanya yote hayo na bado ukazungushwa, kumbuka kwamba sheria ipo. Hapa Tanzania Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo ina sehemu ya kumlinda mlaji, na ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani inayopokea malalamiko. Ndugu zetu wa Kenya wana Ibara ya 46 ya Katiba yao ya mwaka 2010 na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Si lazima uende huko kwa kila kitufe. Lakini mtu anayejua kwamba mlango upo huzungumza kwa sauti ya utulivu.

Binti yetu alikabidhi ripoti yake siku tatu kabla ya mwisho. Karibu yote iliandikwa kwa kibodi ya nje ya shilingi 25,000. Ukurasa mmoja tu uliandikwa kwa kibodi mpya, ule wa shukrani, ambao kwa kawaida huandikwa mwisho. Alituomba tuusome kabla hajauchapisha. Alimshukuru msimamizi wake wa utafiti, mama yake, baba yake, na mdogo wake wa darasa la tano, "aliyesema kweli juu ya juisi." Mdogo mwenyewe alipousoma aliona haya, akakimbilia nje.

Kila a ilikuwa mahali pake.